Mpango wa miaka kumi na saa moja iliyonipotea Rusumo

Leo nimeumbuka, tena nikiwa nimevaa tai.

Kampuni yetu ni ndogo. Makao makuu yako Biharamulo, na tunatengeneza programu ya simu inayowapangia madereva wa malori muda wa kukutana na mawakala wa forodha hapa mpakani Rusumo. Dereva akichelewa, programu inamrudisha nyuma ya foleni. Ofisi ya Rusumo ina mfanyakazi mmoja tu. Ndiye mimi, Deo.

Wiki iliyopita Mkurugenzi wetu, Mama Milembe, aliandika kwenye kundi la kazini: "Nakuja Rusumo na wenzangu. Tunapanga miaka kumi ijayo ya kampuni. Kila ofisi ieleze kwa nini iendelee kuwepo." Basi, hakuongeza neno. Mtu haulizwi kwa nini aendelee kuwepo kama hakuna anayefikiria kumwondoa.

Na mimi sasa hivi si wakati wa kupoteza kazi. Matangazo yangu ya ndoa yamesomwa kanisani mara mbili, bado mara moja. Wakwe zangu wako Nyabusozi, ni watu wa ng'ombe, na posa yangu waliipokea kwa shingo upande kwa sababu kazi ya kompyuta hawajawahi kuiona ikilishwa wala kukamuliwa. Baba yangu mwenyewe kule Bugarama amenihifadhia jembe. (Amelitia mpini mpya. Nimeliona kwa macho yangu.)

Kwa hiyo nikaandaa slaidi kwa hofu yangu yote, na jana jioni nikazituma Biharamulo. Ya kwanza inasema: "Kampuni inayoona miaka kumi mbele." Lakini niliyoipenda zaidi ilikuwa ya mwisho: "Changamoto kubwa ya Rusumo: madereva hawazingatii muda." Maana kila siku napokea malalamiko yaleyale. Nimewahi, programu yenu inasema nimechelewa. Huwa nawajibu kwa upole kabisa: ndugu, jifunze kuwahi.

Leo asubuhi simu ilipolia nikaamka. Simu yenyewe ni mpya, nimeinunua jana, na ililala dirishani upande wa mto. Nikaona jua limepanda kuliko nilivyozoea. Nikajiambia ni hofu, mtu akiwa na hofu hata jua linamkimbilia.

Nikapita kwa mama muuza chapati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zimeisha, mwanangu."

"Zimeisha? Asubuhi yote hii?"

"Asubuhi ipi hiyo?" akauliza, akaendelea kuosha kikaango chake.

Sikumwelewa, na sikuwa na nafasi ya kumwelewa. Niliona ni dalili mbaya tu, nikaondoka na njaa yangu.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, saa nne. Nilitaka nitangulie nipange viti, Mama Milembe akiingia anikute nimesimama kama mtu ambaye kampuni haiwezi kuishi bila yeye. Nafika, nakuta gari la Biharamulo limeshaegeshwa. Mlango umefungwa. Nikachungulia dirishani.

Wamekaa wote. Slaidi zangu ziko ukutani, na Jenipha, mwenzangu wa makao makuu, anazielekezea kijiti moja baada ya nyingine. Nikajua wamekuja mapema makusudi, wanaizika ofisi yangu kabla marehemu hajafika. Nikaliona jembe la baba. Nikawaona wakwe wakinong'onezana kwenye tangazo la tatu.

Sikubisha hodi.

"Mama Milembe," nikasema, "kama mmeamua kunifuta, si mngenisubiri angalau niagwe? Mnaanza kikao kwa siri, mnazisoma slaidi zangu kama hati ya mashtaka! Mimi nimeishi na malori haya mpaka nguo zangu za misa zinanuka dizeli. Sasa wakwe zangu nikawaambie nini?"

(Ndiyo, niliwataja wakwe. Mbele ya projekta.)

Mama Milembe, ambaye kwa umri ni sawa na mama yangu mzazi, akavua miwani taratibu.

"Marahaba," akasema.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa sikumwamkia.

"Shikamoo Mama."

"Nimeshaitikia. Kikao kilikuwa saa ngapi, Deo?"

"Saa nne, Mama."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Nikachomoa simu kwa kujiamini. "Saa tatu na nusu."

Jenipha akakohoa. Mama Milembe akanigeuzia mkono wake wenye saa. Saa nne na nusu.

Nikaitazama simu vizuri. Juu ya kioo kulikuwa na jina la mtandao wa ng'ambo ya mto. Sasa, hapa Rusumo hata anayejifunza kutembea anajua kwamba Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikidaka mtandao wao inahamia kwao na saa yake. Ndiyo maana ukipanga miadi hapa lazima uulizwe: saa yetu au ya ng'ambo? Mimi ndiye huwa nawaonya wageni. Simu yangu ya zamani niliifunga isibadili saa yenyewe. Hii mpya nilisahau.

"Tumekupigia mpaka tumechoka, hupatikani," Jenipha akasema. "Ikabidi nikusomee slaidi zako, ofisi yako isikose mtetezi."

Nikatamani ardhi ipasuke. Nikainua macho ukutani nipate pa kuyaweka. Alikuwa amefika slaidi ya mwisho: "Madereva hawazingatii muda."

Wakacheka mpaka dereva wa gari lao akaja kuchungulia. Mama Milembe peke yake hakucheka, na hilo liliniogopesha kuliko vicheko vyote.

"Deo. Dereva akiandikiwa saa nne kwenye programu yetu, inamwambia ni saa nne ya upande gani?"

Jasho likanitoka chini ya tai. "Haisemi, Mama."

"Na wanaolalamika kwamba wamewahi?"

Yale majibu yangu ya upole yalinirudia yote kwa pamoja.

Akavaa miwani yake, akaandika kitu, nami nikasubiri hukumu huku naiona njia ya kurudi Bugarama. "Ofisi ya Rusumo inabaki," akasema. "Kosa hili, sisi kule Biharamulo tusingelijua hata ikipita miaka kumi. Lakini mwaka wa kwanza wa mpango una kazi moja tu, na ni yako: saa. Na uanze kwa kuwaomba radhi madereva."

Kwa hiyo kazi ninayo, na ndoa ipo. Ila Jenipha ana ndugu Nyabusozi, na habari imefika kabla sijavua tai. Baba mkwe ametuma ujumbe mmoja tu: usiku wa kuamkia harusi, bwana harusi asilale Rusumo.

Nawaomba msicheke. Na kama ni lazima, nisubirini kidogo, mimi nafika saa moja baadaye.