Niliaga Mji Mzima, Mkanipima Mkononi

Kwa Bi Daktari Hadil,
Msimamizi wa Kliniki ya Ini,
Amu.

KUH: KUDUNGWA SINDANO NDOGO KULIKO NILIYOJIANDALIA

Assalamu alaykum warahmatullah. Baada ya kukutakia afya na subira, mimi ni Shuaib wa Mkomani, muuza vipuri vya mashine za boti. Ndimi yule mgonjwa wa Jumatatu aliyekuja na begi la nguo, mto wake na shangazi watatu.

Utakumbuka kwamba mwezi uliopita nilijitolea damu, ikaonekana nina homa ya ini aina ya B, tena ile ya kudumu. Mkaniambia nirudi Jumatatu mtazame ini limeharibika kiasi gani. Hamkusema mtalitazama kwa njia gani, nami sikuuliza, kwa kuwa nilidhani najua. Binamu yangu Abdulwahid wa Pate alipimwa ini miaka ya nyuma. Alipelekwa Mombasa, akachomwa sindano ubavuni, ikanyofoa kipande cha ini. Kovu lake ni dogo kama punje ya mchele, lakini sindano yenyewe, kila anapoisimulia, huongezeka urefu.

Basi nikajiandaa kama anavyojiandaa mtu na safari asiyoujua mwisho wake: nikazunguka nyumba kwa nyumba kutaka radhi. Na radhi haiombwi juu juu, Bi Daktari, sharti utaje ulilomkosea mtu. Nilikuwa na hofu kubwa, na mwenye hofu hutaja mengi. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Shemeji yangu Taha nilimwambia kwamba ni mimi niliyemlisha punda wake mikate tisa ya mofa asubuhi ya mbio za punda za Maulidi, akashindwa kukimbia. Taha alilia, akanikumbatia, akanisamehe mbele ya watu. Sasa ananiona dukani nauza plagi, mzima wa afya, na anahisi machozi yake yamepotea bure. Amenisamehe lakini hanisalimu, jambo ambalo sikujua kwamba linawezekana.

2. Jirani yetu Bi Tima ameniletea bakuli la tambi kila Ramadhani kwa miaka sita, na kwa miaka sita paka wa mtaa wamefuturu vizuri. Nilikiri, akanisamehe. Tangu Jumanne ananiletea bakuli kila siku, na husimama mlangoni mpaka auone weupe wa chini ya bakuli.

3. Kipimo chenyewe. Muuguzi wenu Israa alinifunga mpira mkononi, akatoa chupa mbili za damu, akaniambia niteremshe mkono wa kanzu. Nilikuwa nimeshalala ubavu. Nilikaa hivyo robo saa nzima nikisubiri, na shangazi zangu walikuwa hawajafika hata nusu ya Yasini.

4. Umri. Kumbe hesabu yenu ya kukisia makovu ya ini huchukua vimeng'enya viwili vya ini vinavyovuja katika damu, ikachukua na chembe zinazogandisha damu, kisha ikavichanganya na miaka ya mgonjwa! Hakuna aliyenitahadharisha. Nilitaja hamsini na miwili, umri ninaoutumia nyumbani. Israa akaomba kitambulisho, ikawa hamsini na tisa, mbele ya mke wangu Ruwaida, na hesabu ikapanda. Naomba iandikwe rasmi katika faili kwamba ini langu lilikuwa zuri zaidi nilipokuwa na miaka hamsini na miwili.

5. Majibu. Ulinieleza kwa uso wa bashasha kwamba hata kwa umri wa kitambulisho hesabu iko chini, makovu makubwa hayaelekei kuwapo, na kwamba ingeangukia katikati ndipo ningehitaji kupimwa zaidi. Hakuna cha kunyofoa, nirudi baada ya miezi sita. Bi Daktari, imamu ameshaniombea dua ya Ijumaa! Shangazi wamevuka bahari kutoka Pate na sufuria zao. Nitapitaje sokoni na kipande cha pamba kwenye kiwiko?

Kwa hiyo naomba, kwa adabu zote, nipewe bandeji ya ubavuni, pana, yenye muhuri wa kliniki. Naomba pia sindano ndefu iwekwe mezani kwenu hata kama haitumiki, mgonjwa aione na apate la kusimulia. Taha aandikiwe barua. Na kama hayo ni mazito, basi nipelekeni Mombasa nikachomwe ile ya haki. Ini langu huenda halina haja nayo, lakini mimi ninayo.

Nisalimie Israa, na mlinzi wa lango aliyenibebea mto, na wagonjwa wote mliokaa nao hapo, Mwenyezi Mungu awape shifaa.

Ni mimi, niliyesamehewa kabla ya wakati,

Shuaib
Mkomani

Tanbihi: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha hii, nimeifungua tena. Mlitaka watu wa nyumbani nao wapimwe homa hiyo. Majibu ya Ruwaida yamekuja asubuhi hii, naye anayo. Barua ataileta mwenyewe. Tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu. Mtazameni ini hapo hapo Amu, kwa sindano ile ile ndogo, leo hii mkiweza, na mwambieni akiwa bado mlangoni kwamba ni ya mkononi tu. Amesadiki kwamba mimi nilibahatika na yeye atapelekwa Mombasa. Ameshaanza kutaka radhi, na ameanzia kwangu, hapa jikoni, mikono yake ina unga. Nilimngoja ataje kosa alilonikosea, akatafuta, asilipate. Nami nimetafuta, Bi Daktari. Sikulipata.