Mdiria Alitua Kwenye Fimbo Yangu

Watu wa mtaa wetu wa Iftin, leo nimeaibika. Tena mchana kweupe, jua linaona.

Mwalimu Mutua, yule kijana wa Ukambani anayefundisha hapa, aliniomba nimpeleke mto Tana apige picha za mdiria. Ni ndege mdogo, anaenea kwenye kikombe cha chai. Mgongo wa bluu, kifua rangi ya hina kama ndevu zangu (zangu zimekolea zaidi). Anakaa juu ya maji, akiona samaki, chubwi! Karudi naye.

Mimi ni mtu wa ngamia. Mtoni najua kitu kimoja tu: mamba. Lakini mzee aliyeua simba kwa mkuki kule Takaba atasemaje anaogopa maji? (Hiyo ya simba mmeisikia. Hakuna harusi sijaisimulia.) Shemeji yangu Dahir, kaka wa mke wangu, naye akaja.

Nikasimama ukingoni, mto uko mgongoni. Fimbo mabegani, mikono nimeining'iniza juu yake, vile sisi wachungaji tunapumzika. Mara Mwalimu akaganda. Simu kaiinua, macho yamemtoka, anatazama nyuma ya sikio langu.

"Mzee," akanong'ona, "usitikisike. Yuko nyuma yako. Karibu kabisa."

Moyo ukashuka mpaka kwenye kandambili.

"Ni mkubwa?"

"Mdogo. Lakini mdomo wake, mzee! Mrefu! Ssss... sasa anakuangalia wewe."

Subhanallah! Nikatoa shahada. Halafu nikaona, wallahi, siendi kaburini na uongo.

"Dahir! Nisamehe! Simba sikuua! Alikuwa fisi, tena kilema! Mimi nilipanda mti nikalia. Aliyemfukuza ni dada yako Halima, kwa sufuria!"

Kisha fimbo ikatikisika kidogo. Chubwi!

"Aaa, mzee!" Mwalimu akalia. "Umemfukuza!"

"Mamba?"

"Mamba gani? Mdiria! Alikuwa amekaa kwenye fimbo yako!"

Dahir alikuwa amelala chini kwenye mchanga, anacheka bila sauti. Simu ya Mwalimu ilirekodi yote. Ndege, fisi, sufuria.

Nimefika nyumbani, video imenitangulia. Halima akanimiminia chai bila kuniangalia.

"Miaka yote nimekufichia siri," akasema, "halafu wewe unaenda kumwambia ndege?"

Jumamosi kuna harusi mtaa wa Waberi. Atakayetaka habari ya simba amuulize Halima. Mimi nitakuwa upande wa pilau.