Ombi la Kurudishiwa Dimbwi Letu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Ushirikiano ya Mtaa.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na miguu mikavu. Hapo ndipo penye shida. Tangu wakazi wa kila kabila na kila dini waliposhikana wakachimba mtaro, maji ya mvua hayatuami tena barabarani. Mimi, mvushaji wa watu kwa mgongo, nalalamika rasmi kama ifuatavyo:

1. Kazi imekufa. Kibaya zaidi, mtaro huo nimeuchimba na mimi, tena kwa bidii, kwa kuwa mlitugawia chai. Hakuna aliyenishtua.

2. Mnahubiri usawa. Usawa gani unaouzidi ule wa mgongoni kwangu? Hakimu na muuza vitunguu walipanga foleni moja, na wote walinikaba shingo sawasawa. Siku hizi hakimu anapita na viatu vyake, wala hanijui.

3. Mnataka tamaduni zichanganyike. Mgongo huu umetukanwa kwa lugha zote za mtaa. Siku nilipoteleza na mchungaji mgongoni, aliyemwopoa majini ni imamu, na mpaka leo wanatembeleana. Wengine watateleza wapi?

4. Kuhusu uimara wa mtaa, naomba mtazame mapaja yangu yanavyonywea.

5. Hili naliandika kwa aibu. Kuna fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Kila mvua nilimvusha bure, taratibu, nikizungukia upande wa mbali. Alikuwa akiniuliza sikioni, "Mbona leo hatufiki?" Nami namjibu maji yamezidi. Nilikuwa nimebakiza mvua chache tu nimwambie neno. Sasa anavuka mwenyewe, na mimi sina sababu ya kusimama pale. Naumia, Mwenyekiti.

Kwa hiyo naomba kamati, kwa moyo uleule wa ushirikiano, izibe mtaro kidogo tu, mbele ya duka lake. Dimbwi la kufika magotini litatosha. Nitalitunza mwenyewe.

Nisalimie wanakamati wote, wake kwa waume, na kila aliyewahi kupanda.

Ni mimi niliyewabeba,
Mgongo wa Mtaa.

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha, fundi amekuja kusimama mbele yangu, jua kali, barabara kavu. Akaniuliza mbona siku hizi simvushi. Nikamwonyesha mtaro. Akasema, "Kwani nimekuuliza habari za maji?" Nimemvusha, tukarudi, nikamvusha tena, mtaa mzima ukitazama. Tafadhali msizibe kitu. Ila kama bado mna nguvu na chai, ipanueni barabara.