Lenny Tuckwell na Farasi Aliyetukanwa

Lenny Tuckwell aliamini kwamba Mungu alipoiumba Jumamosi alikuwa anamfikiria yeye. Siku nyingine za wiki watu wana akili zao. Jumamosi wanavaa kofia, wanaanza bia kabla ya saa nne, na wanakuwa tayari kumsikiliza mtu yeyote aliyening'iniza darubini shingoni. Darubini Lenny alikuwa nayo. Jicho moja la darubini hiyo lilikufa zamani, lakini kwa nje hakuna aliyeweza kujua.

Jumamosi ya Kombe la Warrandool alifika uwanjani saa moja asubuhi, akiwa ametoka kulala ndani ya gari lake, kama alivyolala kwa miezi kumi na minne. Chini ya kiti cha dereva kulikuwa na kopo la biskuti, na ndani ya kopo dola elfu tisa, ndizo zote alizokuwa nazo duniani. Huko pwani kulikuwa na karavani inauzwa elfu kumi na mbili, yenye kitanda cha kweli na dirisha linalotazama bahari, na mwenye nayo alikubali kumsubiri mpaka Jumatatu. Lenny alikuwa na miaka hamsini na minane na mgongo wa mtu wa themanini. Alikitaka kitanda kile kuliko alivyowahi kumtaka mwanamke yeyote, na alishaoa mara tatu.

Kwenye uzio alimkuta Bi. Hester Ormiston, mjane mwenye kofia ya ukili na kikapu cha skonzi, akiwatazama farasi wake wawili wakipashwa misuli. Wote walikuwa wa kahawia, hawana doa usoni, ungedhani wamezaliwa tumbo moja. Lakini chini ya tandiko kila mmoja alivalishwa kitambaa kilichotariziwa jina lake, mmoja Chai Baadaye, mwingine Shangazi Beryl. Hapo ndipo tuseme ukweli kuhusu mtaalamu wetu. Farasi alikuwa hawajui hata kidogo. Alichojua ni kusoma.

Chai Baadaye alipita mbele yao kwa kasi iliyompeperusha Lenny kofia. Muda mrefu baadaye akapita Shangazi Beryl, kwa mwendo wa mtu aliyeitwa ofisi ya kodi.

"Wazuri, mama," Lenny alisema, akijaribu kuificha sauti ya furaha.

"Wazee tu hao, mwanangu, kama mimi. Chukua skonzi, ina jamu."

"Huyu Chai Baadaye naona anajitahidi."

"Eti eh? Macho yangu siku hizi hayafiki mbali." Bi. Hester alimpangusia makombo kwenye koti. "Wewe unaonekana mtu wa farasi. Tuna taabu leo. Daktari wa mifugo ndiye hututathminia farasi kabla ya mnada wa mchana, na gari lake limezama kwenye tope tangu jana. Hatuna mtu."

Lenny alimeza skonzi nzima bila kuitafuna. Minada ile aliijua vizuri. Mtu hanunui farasi, ananunua bahati ya farasi kwa mbio moja. Fedha zote zinaingia kapuni, zahanati inachukua sehemu yake ya kumi, na aliyemnunua mshindi anabeba kilichobaki. Kwa Lenny hii ilikuwa neema ya pekee, kwa kuwa pale uwanjani kulikuwa na mabuki wawili wa kupokea dau na wote wawili walishamkataa, mmoja kwa jina, mwingine kwa sura. Sasa anapewa kipaza sauti. Atamponda Chai Baadaye mpaka asitamaniwe na inzi, atamnunua kwa dola mia mbili, na kapu litamfuata lenyewe mpaka pwani.

"Nitawasaidia, mama," alisema. "Bure kabisa."

"Bure?" Bi. Hester alimtazama kwa upole mkubwa. "Mungu akubariki. Watafurahi sana kusikia ni bure."

Saa sita ukumbi ulijaa watu mia mbili, nyama baridi, viazi vya mayonezi, na inzi ambao hawakuwa wamealikwa. Dalali aliyeitwa Doolan aligonga nyundo yake, akamtambulisha "mtaalamu kutoka mjini, anayetuhudumia bila kudai hata senti," na ukumbi mzima ukageuka kumtazama Lenny kwa umakini asiouzoea. Yeye alichukulia kuwa ni heshima.

Farasi wa kwanza aliitwa Hakuna Risiti. Lenny alimsifu kifua, akamsifu shingo, kisha kwa ajili ya kuonekana mkweli akaongeza kwamba goti lake la kushoto halipendi baridi. Padri Fintan, aliyekaa karibu naye, aliposikia habari ya goti aliweka uma chini na kuinua mkono. Hakuna Risiti akaenda kwa elfu moja na mia nane. Meya Mstaafu, ambaye Lenny alidokeza kwamba huwa na mawazo mengi, alifika elfu moja na mia tisa. Kijiko cha Fedha, mwenye kikohozi kidogo cha kifamilia, elfu moja na mia saba. Lenny hakuelewa, lakini kapu lilikuwa linanenepa na yeye hana ugomvi na kapu nene.

Ikaja zamu ya Shangazi Beryl. Kwa kuwa yule ndiye aliyetambaa asubuhi, Lenny aliona ndiye wa kuwabebesha mbumbumbu. Akafungua mdomo mpaka mwisho.

"Ndugu zangu, miaka thelathini naangalia farasi, sijawahi kuona mapafu kama haya. Huyu hana kasoro. Nimemtafuta kasoro tangu asubuhi mpaka nimeona aibu. Mwenye akili auze ng'ombe wake amnunue Beryl, na asiye na ng'ombe amuombe shemeji."

Hakuna mkono ulioinuka. Mtu mmoja alikohoa. Mwanamke mmoja alianza kukunja leso yake kama ibada imekwisha. Doolan aliomba dola mia tano, akaomba mia mbili, akaomba jamani, hata kitu kidogo.

"Dola sitini," alisema Bi. Hester kwa sauti ndogo. "Ni wangu, najisikia vibaya akikosa mtu."

Nyundo ikagonga. Lenny hakuwa na nafasi ya kushangaa, maana sasa ilikuwa zamu ya Chai Baadaye. Alishusha pumzi, akavaa uso wa msiba.

"Huyu nitamsema kwa huzuni. Mwenye farasi yupo hapa, ni mama wa watu, amenilisha. Lakini ukweli ni ukweli. Mapafu ya huyu farasi ni kama ya kuazima. Miguu ya nyuma haisemezani na ya mbele. Na daktari mmoja aliniambia kwa siri kwamba anaogopa vumbi."

Wasikilizaji walitazamana. Warrandool, ukiondoa vumbi, haina kitu kingine chochote.

"Basi kwa huruma tu," Lenny alimalizia, "ili mama asifedheheke, natoa mia mbili mimi mwenyewe."

"Elfu moja," alisema Athol Brimble, mfugaji wa kondoo mwenye kofia kubwa kuliko meza yake.

"Elfu mbili," alisema Padri.

Lenny alidhani hawakumsikia. Akarudi kwenye kipaza sauti. "Amewahi kusinzia katikati ya mbio, huyu."

"Elfu nne," alisema Athol.

"Baba," Lenny alimnong'oneza Padri, jasho likimtiririka, "nyinyi watu mna nini? Nimewaambia ni mgonjwa."

"Ndiyo sababu, mwanangu." Padri alimpigapiga goti kwa huruma. "Yule daktari wa mifugo kila mwaka ana farasi anayemtaka mwenyewe. Mwaka juzi alituambia mmoja ana pumu, akamnunua yeye kwa dola hamsini, akashinda akiwa peke yake. Mwaka wa kabla yake ilikuwa kipofu. Tumejifunza. Hapa farasi akisifiwa tunakula viazi, akitukanwa tunatoa pochi. Na wewe umekuja kufanya kazi bure, siku ya mnada, hakuna anayekujua. Umetukana vizuri kuliko wote."

Lenny alirukia kipaza sauti. "Hata hivyo, nikifikiri tena, macho yake ni mazuri mno. Na mwendo wake, jamani, ni wa malaika."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Sasa anataka kututoa njiani," alisema Athol, akifuta machozi. "Elfu nane."

Mtu mwenye busara angekaa. Lakini Lenny alikuwa ameona kwa macho yake kile kilichopita asubuhi, na alipiga hesabu haraka. Kapu likishakatwa fungu la zahanati litabaki na elfu kumi na tatu. Kitanda bado kipo. Dirisha bado lipo.

"Elfu tisa," alisema.

Athol alifungua mdomo. Mkewe Glenys alimshika mkono bila kuacha kutafuna. "Athol. Kaa." Akakaa. Doolan akagonga nyundo, na Lenny akaenda kwenye gari kuleta kopo la biskuti huku watu mia mbili wakimpigia makofi kwa wivu wa kweli.

Mbio zilianza saa tisa. Lango lilipofunguka wakatoka farasi watano, na kwa sekunde nne Lenny alikuwa mtu tajiri. Halafu kutoka nyuma akaja farasi wa kahawia aliyewapita wenzake kama wamesimama kuulizana njia, na Lenny alipiga kelele, akarusha kofia, akamkumbatia Padri. Ndipo kupitia lile jicho moja zima la darubini alisoma jina kwenye kitambaa. Shangazi Beryl alishinda kwa nafasi ambayo ungeweza kuegesha lori. Chai Baadaye alifika wa tano, kwa utaratibu, akiangalia watazamaji.

Lenny alimkuta Bi. Hester nyuma ya banda, amekaa kwenye kiti cha kukunja, kapu likiwa mapajani.

"Asubuhi," alisema. "Yule aliyenipeperushia kofia."

"Alikuwa Beryl, masikini. Vitambaa niliwavalisha kabla sijavaa miwani, vikapishana."

"Mama, ulinitega. Elfu tisa. Sina hata senti nyingine, unanielewa? Sina."

"Mbona unanionea, mwanangu? Farasi wangu walikimbia leo kwa majina yao, mbele ya waamuzi. Mimi nilikwambia farasi yupi ana kasi? Nilikwambia umtukane yupi?" Alifunga mdomo wa kapu kwa kamba, taratibu, fundo la kwanza na la pili. Kisha akainua uso, na hakukuwa na kejeli ndani yake hata kidogo. "Wewe ndiye uliyesimama mbele ya watu mia mbili ukasema Beryl hana kasoro. Wote walikuona mwongo. Katika mji mzima huu, ni mimi peke yangu niliyekuamini."