Mfuniko wa Mtaro na Posa Yangu

Jamani, leo nshaumbuka mie. Tena na kanzu nyeupe!

Mnajua nimepeleka posa. Sasa baba wa binti, Mzee Mbarouk, leo baada ya alasiri kaja mwenyewe Jang'ombe kuniulizia mtaani, kama ilivyo ada. Kakaa barazani kwa Bi Zuhura, jirani yetu anayeuza kahawa, pamoja na wateja wake. Nami nikapita kwa bahati (bahati gani, nlikuwa nachungulia dirishani tangu adhana).

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu njoo. Tunabishana hapa: kodi ikipandishwa, maisha yanatengenea au yanaharibika? Mie nataka kujua kwa kweli."

Lo! Mtihani wa ukwe huo. Nikasimama katikati ya uchochoro, nikakohoa.

"Yanaharibika, mzee! Nikinunua sabuni, kodi. Nikitia mafuta vespa yangu, kodi. Zinakwenda wapi? Nionyesheni kitu kimoja tu mtaani hapa!"

Mzee akanywa kahawa yake taratibu. "Na isipopandishwa, dawa za hospitali zitatoka wapi?"

Swali zuri. Hata mie nlitaka kujua jawabu. Lakini mtu anayeposa hasemi "sijui". Nikapandisha sauti, nikatupa mikono, nikarudi nyuma hatua moja ili nionekane vizuri.

Kraa! Ubao uliofunika mtaro ukakatika. Nikazama mtaroni mpaka kiunoni, kofia inaelea.

Mnadhani nlivutwa? Thubutu! Mjadala ndo kwanza ukapamba moto.

"Mnaona? Kodi tunalipa, mtaro hauna mfuniko!" akapiga kelele fundi cherehani.

"Hauna kwa sababu hamlipi!" akamjibu muuza urojo.

Mie humo ndani nanuka, nageuza shingo huku na huku, na wallahi kila mmoja nikimsikiliza naona ana hoja.

Mzee Mbarouk akainama kuchungulia. "Kwani hapa mfuniko haukuwekwa?"

"Uliwekwa," akasema Bi Zuhura, anamimina kahawa wala hanitazami. "Wa zege, mzuri, wa kodi hizo hizo. Si huyo huyo kauchukua mwezi uliopita, kauweka chini ya vespa yake isizame matopeni? Sie katuwekea ubao."

Baraza zima likanigeukia. (Nlisahau, jamani! Na kwanza nliuazima tu.)

Mzee akanipa mkono, akanivuta nje, akaifuta kanzu yake palipomrukia maji. Akaniambia kwa upole, na upole ule ndo ulioniua:

"Kijana, mie swali langu la kodi bado sijapata jawabu. Na wewe jawabu la posa utalipata mfuniko ukisharudi pahala pake."

Nshaoga mara tatu. Mfuniko haubebeki na mtu mmoja, na mwenzangu niliyeubeba naye siku ile kahamia Pemba. Basi anayetaka kucheka ruhusa, ila aje acheke huku kashika upande wa pili.