Msiba wa Mwaka 1524

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Mama Jedidah anaachia uenyekiti wa kamati ya misiba Jumapili hii! Katika Umoja wa Wakenya wa Barking, hapa London, hakuna cheo kikubwa zaidi. Mwenyekiti wa misiba hupewa kiti cha mbele, kipaza sauti na finyango la kwanza. Nakitaka cheo hicho. Linus naye anakitaka. Ana gari kubwa, spika mbili na uso wa huzuni wa kuzaliwa nao. Mimi ni naibu, ila tangu niwe naibu hakuna aliyekufa. Namshukuru Mungu, lakini kipaji nitakionyesha wapi?

Jumanne, 15 Oktoba

Zamu ya uwanja wa ndege iliisha mapema. Nikapitia maktaba. Nimepata wazo! Kumbukumbu ya waliokufa miaka mia tano iliyopita. Nikafungua kitabu kikubwa, mwaka 1524. Kumbe walikufa watu! Tomasi Linacre, daktari wa mfalme hapa hapa London. Uzeeni akawa padri. Kwa nini? Kitabu hakisemi. Swali hilo limenipitisha kituo changu cha treni.

Shah Ismail wa Uajemi, miaka thelathini na sita tu. Vasco da Gama, mkesha wa Krismasi, kule India. Huyo nimemwacha. Mwenzetu Bi Mwanakombo wa Mombasa hajamsamehe kwa watu aliowamwagia mafuta ya moto alipopita kwao. Halafu Klaudia, malkia wa Ufaransa. Miaka ishirini na minne, watoto saba. Nilirudia kusoma nikidhani nimekosea.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeweka tangazo kwenye grupu la WhatsApp. Kwa masikitiko tumeondokewa na Dkt. Tomasi wa hapa London na Dada Klaudia wa Ufaransa, mama wa watoto saba. Kumbukumbu Jumapili. Nimeandika Dada, si Malkia, maana kwenye Umoja wetu sote ni ndugu. Mwaka sikuutaja. Mwaka ungepunguza huzuni. Watu wangeuliza, nami ningewafafanulia Jumapili kwa kishindo.

Hakuna aliyeuliza. Pole zimemiminika. Linus ametuma mikono ya kuomba. Anaogopa!

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilisahau sisi ni watu gani. Kwetu tangazo la msiba halisomwi mpaka mwisho. Mtu akiona "tumeondokewa", anaanza kukanda unga. Nimerudi kazini nikakuta viatu vimejaa hadi kwenye lifti. Wamama sebuleni, chupa za chai, chapati, nyimbo za faraja. Jirani yetu Mzee Surjit ameleta viti vyake, maskini. Maureen mke wangu, ametoka night duty hospitalini, akaniuliza kwa macho nani amekufa. Nikainamisha kichwa. Binti yetu Makena akaniuliza kwa Kiingereza kama nawajua marehemu kweli. Nikamwambia naendelea kuwajua.

Mama Jedidah alikuwa mkunga maisha yake yote. Akanishika mkono.

"Baba Makena, hao watoto saba wamebaki na nani?"

Ningesema. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikajibu wako na baba yao. Akauliza kama baba ni mtu wa kutegemewa. Nikasema anasafiri sana kikazi. Akafuta machozi, nami nikajiona mdogo kuliko kijiko.

Ijumaa, 18 Oktoba

Linus alinipigia asubuhi kuuliza mwili wa daktari uko wapi. Nikamjibu ukweli: Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Sikudhani angekwenda! Alikwenda na suti nyeusi na shada la maua. Mzee mmoja mpole pale akamweleza kwamba daktari huyo alizikwa karne tano zilizopita, na kanisa la wakati huo liliungua mwaka 1666. Kaburi halipo.

Linus hakupiga kelele. Aliuliza tu nani awaambie watu, yeye au mimi. Nikasema mimi, leo hii. Sikuwaambia. Nilijifungia bafuni nikifikiria jinsi atakavyolifaidi jambo hili.

Jumapili, 20 Oktoba

Ukumbi ulijaa. Linus akaniangalia. Nikasimama nikasema yote mbiombio, hata safari ya Linus na shada lake, nikamalizia kwamba daktari alikufa tarehe kama ya leo. Pilau inanukia. Nilitaka sakafu inimeze.

Bi Mwanakombo ndiye aliyeanza. Akauliza kwa nini daktari aliacha utabibu. Nikasema hata mimi ndilo linalonisumbua. Maureen akasema pengine alichoka na zamu za mfalme. Wauguzi wenzake wakaangua kicheko, na maswali yakaanza. Alikula nini? Alitibu tauni? Sikuwahi kuona watu wakinisikiliza simu zikiwa mfukoni.

Kisha Mama Jedidah akasimama.

"Miaka ishirini na minne, mimba saba," alisema. "Nimezalisha wasichana kama huyo. Wengine sikuwarudisha nyumbani. Huyu wa Ufaransa alikuwa hajaliliwa na mtu wa kwetu. Sasa ameliliwa. Pakueni chakula."

Nililia. Nililia kweli, na hotuba yangu nikaigeuza kitambaa cha pua. Nikajua pia kwamba uenyekiti ni wangu.

Mama Jedidah akampa Linus. Alisema mwenyekiti ni yule aliyekwenda kuutafuta mwili.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimetafakari kwenye basi. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilichagua marehemu mwenye watoto. Jakobo Fugger wa Augsburg, aliyekuwa tajiri kuliko karibu wote Ulaya, mwakani anatimiza miaka mia tano tangu afe. Hakuacha mtoto wa ndoa. Kaburi liko Ujerumani, na safari hii nakwenda mwenyewe kabla Linus hajavaa suti. Nimeshaomba kazini ruhusa ya msiba. Meneja wangu, Bi Bhavini, amenipa pole sana, akauliza kama marehemu alikuwa wa familia. Nikasema alikuwa kama mjomba.