Meneja wa Mbuzi wa Radi

Siku Ashura alipofungua robota la mitumba akakuta fulana nyeusi arobaini zenye picha ya mbuzi mwenye mabawa, soko zima la Makambako lilimpa pole, isipokuwa Kheri. Kheri aliziangalia fulana zile kama mtu mwenye njaa anavyoangalia sahani ya pilau iliyoko mbele ya mwenzake.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Aliyekuwa na shati moja sasa alikuwa na matatu, na aliyekuwa na mdomo sasa alijiita mfanyabiashara. Lakini nani avae mbuzi anayetema moto huku ameshika gitaa? Wakulima waliopanda basi kutoka Njombe waliigusa fulana kwa ncha ya kidole, wakauliza kama huyu ndiye shetani wa Kizungu, kisha wakanunua soksi.

Kheri alimjua yule mbuzi. Alikuwa nembo ya bendi ya zamani ya Uingereza, ambayo kwa lugha yetu tungeiita Mbuzi wa Radi: wanaume wanne wenye nywele ndefu waliopiga magitaa kama watu wanaobomoa nyumba. Kaseti yao aliipata akiwa mtoto kwa fundi mmoja wa reli, akaisikiliza mpaka utepe ukakatika, akauunga kwa rangi ya kucha, akaendelea kusikiliza. Kheri huyu alikuwa amedanganya kuhusu umri wake, kuhusu kabila lake, na mara mbili kuhusu kifo cha mama yake, ambaye yu hai na anauza vitumbua stendi. Ila ungemwuliza ni bendi gani angependa kuipigia katika maisha yake, angekujibu kweli tupu bila kupepesa macho: Mbuzi wa Radi, mwaka sabini na mbili, upande wa besi, nyuma kidogo, mkono wa kushoto.

Tatizo lilikuwa moja. Mpiga besi huyu hakuwa na gitaa. Musa, mwenye bendi ya dansi pale mjini, alikuwa amemweleza kwa utulivu kwamba vidole vyake anavikubali, lakini mpigaji anayeweka rehani gitaa la bendi kwa muuza mchele hapewi jingine. Mwisho wa mwezi angemchukua kijana fulani wa Mafinga, labda Kheri aje na gitaa lake mwenyewe. Zilibaki siku kumi na moja.

Basi siku ile ile, mbele ya meza ya Ashura, alisimama mzee mmoja mnene aliyevaa koti la sufu lililofungwa vifungo vyote. Alijitaja kuwa Ebeneza wa Yakobi, kule Njombe, mpiga tarumbeta kubwa ya besi katika kikundi cha usharika wa Kilutheri. Aliinyanyua fulana moja juu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza samaki:

"Hawa ndio ningependa kupiga nao. Na gitaa la besi tunalo, jekundu, limelala stoo tangu mmisionari arudi kwao. Siku hizi wanaolipiga ni panya."

Akalipia soksi zake akaondoka.

Kheri akamgeukia Ashura, akamwomba fulana zote arobaini kwa mali kauli, alipe akishauza. Ashura akamwuliza atamwuzia nani. Kheri akamjibu kwamba hauzi fulana, dada, anatoa sare.

*

Yakobi ilimpokea kwa ukungu na baridi inayopenya mpaka kwenye meno. Kheri alifika Alhamisi, siku ya mazoezi ya tarumbeta, amevaa mbuzi juu ya sweta, koti juu ya mbuzi, miwani ya jua juu ya yote, ingawa jua lenyewe lilikuwa halijaonekana tangu Jumatatu. Aliingia uani pa kanisa akasalimia kwa unyenyekevu mkubwa, "Tumsifu Yesu Kristo."

Watu wakatazamana. Hiyo ni salamu ya Wakatoliki, na kanisa lao lipo mbele kidogo, ukivuka kijito.

"Kamwene, mgeni," akajibu mama mmoja mwembamba aliyekuwa ameshika daftari. Alikuwa Eveline, mke wa Ebeneza na katibu wa kikundi. "Karibu tu. Baridi inachanganya watu."

Kheri akajitambulisha kuwa Meneja, mwakilishi wa Mbuzi wa Radi kwa nchi zote za kusini mwa ikweta. Akaeleza kwamba wanamuziki wale wamezeeka. Mmoja ana kisukari, mwingine ameoa mke asiyependa kelele. Wanatafuta damu mpya, na wamekwisha jaribu Dar es Salaam na Mombasa bila mafanikio, kwa sababu vidole vya watu wa joto vikifika London vinaganda. Wanahitaji watu ambao vidole vyao vimezaliwa kwenye baridi. Wataalamu wakaangalia ramani, wakaweka kalamu juu ya Njombe.

Hoja hii, msomaji, ilikuwa ya kipumbavu kiasi kwamba haikuwa na pa kushikia ili uipinge. Wapiga tarumbeta waliangalia vidole vyao kwa heshima mpya.

Uani pakachangamka. Kila mmoja akaanza kueleza bendi ya Ulaya ambayo angeipigia kama angezaliwa mapema. Odilo, mpiga ngoma, alisema yeye daima amejiona pamoja na wale vijana wanne wa Liverpool, maana walivaa suti na walionekana wamelelewa. Bibi mmoja wa kwaya aliyekuja kuchukua mwavuli wake akasema angependa bendi yoyote ambayo wanaume hubeba vyombo wenyewe. Ebeneza akasimama katikati, tumbo mbele, akatangaza kwamba yeye ni Mbuzi wa Radi toka moyoni, na kwa kuwa anapiga besi ya mdomo, besi ya nyuzi haiwezi kumshinda.

Kheri akamshika bega. Akasema macho yake ya kazi yalikuwa yamekwisha mwona. Nafasi ya besi ni yake. Liko jambo dogo tu: London hawampokei mpigaji kabla chombo chake hakijasajiliwa, kwa hiyo yeye Meneja atalichukua lile gitaa jekundu, alipeleke likapimwe na kupigwa muhuri, halafu Ebeneza ataitwa. Wengine, kwa sasa, wapokee sare.

Ebeneza alikuwa amekwisha piga hatua kuelekea stoo. Eveline akakohoa kidogo, akafungua daftari.

Alieleza kwa upole kwamba gitaa lile si la mume wake. Ni mali ya usharika, na mali ya usharika haitoki mkono kwa mkono. Inapita mnadani, Jumapili, baada ya ibada, pamoja na mazao yanayoletwa kama sadaka. Lakini Meneja asiwe na wasiwasi. Atakuwa mgeni rasmi, na nani katika wakulima hawa atashindana na mtu wa London?

Kheri akapiga hesabu ya haraka. Gitaa lisilotakiwa na mtu, mbele ya watu wenye viazi mifukoni. Angelipata kwa bei ya kuku. Akakubali, na usiku huo akalala kwa Ebeneza chini ya mablanketi manne, akiota amesimama nyuma kidogo, mkono wa kushoto.

*

Jumapili watu walijaa uani. Kheri aliketishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, bega kwa bega na mchungaji. Odilo ndiye aliyekuwa dalali, akaanza na jogoo mwekundu mwenye hasira.

Eveline alimwinamia Kheri na kumnong'oneza kwamba mgeni rasmi hufungua dimba. Kheri akataja bei kubwa kidogo, kwa heshima. Akapewa jogoo, watu wakapiga makofi, naye kwa furaha akamwinua jogoo juu ya kichwa.

"Amemrudisha!" akatangaza Odilo. Vigelegele vikapasua ukungu. Jogoo akachukuliwa, akawekwa tena mezani, akaanza kunadiwa upya.

Kheri akamwuliza Eveline kumetokea nini. Akaelezwa kwamba hapa Yakobi ukinunua kitu ukakiinua juu ya kichwa mbele ya watu, umemrudishia Mungu ili kinadiwe tena. Ni tendo zuri sana, mwanangu. Wengi hawaliwezi hata mara moja.

Baada ya hapo hakuinua kitu, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Mgeni aliyeonyesha ukarimu wa namna ile hawezi kukaa kimya boga linapoletwa. Ebeneza alipandisha bei, akamtazama Kheri. Bibi wa mwavuli alipandisha, akamtazama Kheri. Mchungaji alitabasamu tu, na tabasamu lake lilikuwa ghali kuliko wote. Ilipofika saa saba Kheri alikuwa mwenye maboga mawili, debe la viazi, mayai kumi na tano na yule jogoo, kwa mara ya pili. Nauli ilikuwa imekwenda. Saa ya mkononi ilikuwa imekwenda. Koti liliifuata saa. Fulana za Ashura, ambazo zilikuwa hazijagawiwa, zilinadiwa kwa mkupuo kulipia deni lake, na sasa kikundi kizima cha tarumbeta kilikuwa kimevaa mbuzi juu ya nguo za Jumapili.

Ndipo gitaa likaletwa.

Lilikuwa jekundu kama pilipili iliyoiva, na mtu alikuwa amelifuta vumbi. Kheri alisahau baridi. Aliona nyuzi nne, zote nzima, akasikia mate yakimjaa mdomoni.

"Mgeni rasmi?" akasema Odilo.

Kheri akavua viatu. Vilikuwa viatu vizuri, vya ngozi, vyenye ncha, vya mtu anayeishi mjini kwa maneno. Akaviweka mezani. Odilo akaita mara ya kwanza, akaita mara ya pili. Hakuna aliyepandisha. Watu walitazama miti, walitazama mawingu, Ebeneza aliitazama tarumbeta yake kama vile ndiyo kwanza anaiona. Mara ya tatu.

Kheri alilipokea kwa mikono miwili na kulikumbatia tumboni, chini kabisa. Yeye si mjinga, jogoo alikuwa amekwisha mfundisha. Akaanza kurudi nyuma polepole kuelekea langoni, miguu mitupu kwenye majani yaliyolowa kwa ukungu, akiaga kwa kichwa, kwa maana mikono ilikuwa na kazi.

"Meneja," Eveline akamwita. "Nenda salama. Ni lako, umelinunua. Ila watu hawa hawajawahi kulisikia. Wapigie hata wimbo mmoja, waonje London."

Kikuza sauti kilikuwa tayari, kimeunganishwa na betri ya gari. Mtu mwingine angejiuliza kimeunganishwa tangu lini. Kheri alitazama waya tu, kama mlevi anavyotazama chupa.

Alichomeka. Akapiga noti moja, nzito, ikapita chini ya ardhi na kutokea kwenye nyayo za watu. Akapiga ya pili. Ebeneza akaweka tarumbeta mdomoni, akamfuata. Odilo akaacha udalali, akakimbilia ngoma. Ulikuwa wimbo wa mavuno ambao kila mtoto wa Yakobi anaujua, lakini chini yake Kheri alipitisha radi yote aliyoihifadhi tangu kaseti ya fundi wa reli, na watu wazima waliofunga ndoa kanisani walionekana wakitikisa mabega. Mbele yake, nyuma yake, kila upande, wanaume na wanawake waliovaa mbuzi mwenye mabawa. Alisimama nyuma kidogo, mkono wa kushoto. Hakuwa akimdanganya mtu yeyote, na hali hiyo ilimlevya.

Noti ya mwisho ikatoka. Uani pakalipuka kwa vigelegele. Na Kheri, macho amefumba, kama alivyoona wanafanya wale wanne kwenye jalada la kaseti, akalishika gitaa shingoni na kuliinua juu ya kichwa.

"Amelirudisha!"

Alifumbua macho. Mikono yake ilikuwa bado juu. Mchungaji mwenyewe alikuwa amesimama, anapiga makofi.

Gitaa lilichukuliwa kwa adabu. Kheri akamtazama Eveline, naye Eveline akafungua daftari ukurasa wa nyuma kabisa. Akamsomea, kwa sauti ya katibu anayesoma mambo yaliyokwisha pitishwa, muhtasari wa kikao cha mwezi uliopita: kwamba kikundi kina gitaa na hakina mpigaji, kwamba matangazo mawili hayakuleta mtu, kwa sababu ya baridi, kwamba kwa hiyo mzee Ebeneza aende Makambako siku za soko, asimame penye watu wengi, aseme habari za gitaa kwa sauti kubwa, kisha aondoke.

"Alikwenda mara tatu," Eveline akasema. "Mara mbili za kwanza hakuja mtu. Ile ya tatu alinunua soksi."

Kheri akashusha mikono.

"Mimi ni Mwislamu, mama," akasema, na katika siku nne hiyo ndiyo ilikuwa kweli yake ya kwanza.

"Tulilihisi tangu ile salamu yako, tukalijadili jana. Tumeona vidole havina dini. Chumba kipo, chakula kipo, na barua ya kumwomba radhi dada wa fulana ninaiandika leo. Nauli ya kurudi nitakupa ukitaka. Ukitaka, nimesema."

Akanyoosha mkono wenye noti. Lango lilikuwa wazi, na magari ya Makambako hupita pale kila saa. Kheri aliitazama nauli ile. Kisha akatazama mlango wa stoo, ambako Odilo alikuwa anaegemeza gitaa ukutani, vibaya, shingo ikiwa imepinda, namna ambayo kufikia asubuhi nyuzi zingekuwa zimelegea zote.

"Asiliweke vile," akasema, akakimbilia huko miguu mitupu.

Mwisho wa mwezi Musa alimchukua yule kijana wa Mafinga. Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, kule Yakobi, Ebeneza alisimamisha mazoezi katikati ya wimbo na kulalamika kwa katibu kwamba besi ya nyuzi inameza besi ya mdomo. Eveline akaandika malalamiko. Kheri, amevaa koti la kuazima, akaongeza sauti.